Nyumba Kubwa, Mawe Makubwa, Ruta Moja

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta katikati ya jiji la Mwanza Jumamosi asubuhi, simama pembeni kama mtu anayesubiri chenji, kisha tega sikio. Mteja ataingia, atasalimia, ataelekeza kidole rafu ya juu: "Ile yenye antena nane bei gani?" Muuzaji ataishusha. Mteja ataigeuzageuza na kuuliza swali la pili: "Inafika mbali?" Jibu halibadiliki: "Mzee, hiyo inavuka mpaka kwa jirani." Fedha zitahesabiwa, boksi litatiwa mfukoni, na wiki mbili baadaye chumba cha mwisho cha nyumba ile ya Bwiru, au Isamilo, au Capri Point, kitakuwa bado hakina waifai, huku jirani anaipata bure akiwa kibarazani kwake.

Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyeuliza nyumba imejengwaje. Kwa Mwanza hilo ndilo swali lenyewe. Anayetaka ruta ya nyumba kubwa aanze na kuta, slabu na mawe, ndipo ashuke kwenye boksi na bei yake.

Lakini kabla ya kuta, tuhesabu vifaa, maana hapo ndipo watu hutishana. Nyumba ya leo ya Buswelu au Nyegezi, yenye vyumba vitano na kijumba cha uani, ina vifaa vingi kuliko mwenyewe anavyodhani. Baba ana simu mbili. Mama ana mbili na kompyuta mpakato. Watoto wa sekondari wana simu za "kusomea", mdogo wao ana tableti, dada wa kazi ana simu, mlinzi ana simu. Runinga sebuleni, runinga chumbani, kamera sita ukutani na mashine ya kurekodi picha zake, inveta ya sola inayotuma taarifa kwa simu ya baba, printa ambayo haichapi. Ukifika thelathini usishangae.

Vingi kati ya hivyo havili kitu. Inveta hutuma tarakimu chache kila baada ya dakika kadhaa. Printa hulala siku nzima. Mlaji mkuu ni video, na ulaji wake unajulikana: Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD ya kawaida, 5 kwa HD kamili, na 15 kwa 4K. Runinga mbili za 4K, kijana mmoja YouTube na simu zote za nyumba zikiwa WhatsApp, bado hujafika 50. Kwa hiyo anayelipia kifurushi cha megabiti 50 na kila usiku kiduara kinazunguka, mara nyingi tatizo lake haliko kwenye kifurushi. Akipandisha hadi 100 atakuwa ananunua kiduara kilekile kwa bei ya juu zaidi.

Sasa twende kwenye mawe. Mwanza imekaa juu ya matale ambayo wanajiolojia wanayakadiria kuwa na umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck pale ukingoni mwa maji, wenyeji tunajenga. Kuanzia Bugando hadi Mabatini na Igogo, nyumba zimewekwa palipobaki nafasi kati ya jiwe na jiwe. Kwa wenye nacho wa Capri Point mtindo ni mwingine ila jiwe ni lilelile: geti na sebule viko juu, usawa wa barabara, na nyumba inateremka kuelekea ziwani. Vyumba vya kulala viko chini, mandhari ni ya kupendeza, na ukuta wa nyuma wa vyumba hivyo umegusana na mwamba. Faiba inaingilia juu, karibu na geti. Ruta inabandikwa hapo hapo ilipoingilia. Kati yake na kitanda cha mtoto kuna slabu ya zege yenye nondo na kuta tatu za tofali la inchi sita, plasta pande zote mbili.

Kila ukuta hula sehemu ya mawimbi. Tofali la saruji hula kiasi, zege lenye nondo hula sana. Chuma hakili, hurudisha: bati, mlango wa chuma, friji, na kile kioo kikubwa cha kabati la nguo chenye rangi ya fedha mgongoni, ambacho mafundi wengi husahau kukihesabu. Maji nayo humeza. Tangi lililojaa likisimama kati ya nyumba na kijumba cha uani linatosha kumnyima mlinzi mtandao hadi litakapopungua. Bodi ya jipsamu haina neno. Ndiyo maana fundi aliyezoea ofisi zilizogawanywa kwa jipsamu akija kwenye nyumba ya tofali hutoa ahadi ambazo tofali haliwezi kuzitimiza.

Waifai ya kawaida hutumia masafa ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 yana wimbi lenye urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, hupenya vizuri zaidi na kufika mbali zaidi, lakini uwanja wake ni mwembamba na umejaa: kila hotspoti ya simu, kila kamera ya bei nafuu, hata oveni ya maikrowevu, vyote vimo humo. Chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Katika mabweni ya binafsi yanayozunguka chuo cha SAUT kule Malimbe, ambako kila chumba kina kifaa chake cha kurusha, chaneli hizo tatu zinagombaniwa usiku kucha. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi tele na kasi kubwa, ila wimbi lake ni fupi, chini ya nusu ya lile la kwanza, na ukuta wa pili wa tofali hulifikisha mwisho wa safari. Nyumba kubwa ya tofali ikitaka kasi, inataka gigahezi 5 karibu na kila mahali watu wanapokaa. Ruta moja haitaweza hilo hata iwe na antena kama nungunungu.

Tuziseme kabisa hizo antena. Nguvu ya kurusha mawimbi huwekewa kikomo na wasimamizi wa mawasiliano duniani kote, hapa kwetu TCRA, kwa hiyo ruta ya bei mbaya haiwezi kupiga kelele kupita ya bei ya kawaida kwa tofauti ya maana. Antena nyingi husaidia kupeleka mikondo kadhaa ya data kwa pamoja na kuelekeza mawimbi upande kifaa kilipo, jambo zuri kwa aliye karibu. Na hata kama ungepata ruta yenye nguvu ya mnara, mawasiliano ni ya pande mbili. Mhubiri mwenye spika kubwa kwenye viwanja vya Furahisha anasikika hadi ng'ambo ya barabara. Muumini aliye ng'ambo akijibu "Amina" kwa kinywa chake, mhubiri hamsikii. Simu yako ndiyo huyo muumini. Inaonyesha vimistari vitatu kwa sababu inaisikia ruta, na ukurasa haufunguki kwa sababu ruta haiisikii simu.

Kuna hoja ya mwangwi, ambayo watu wa mji wa mawe huiuliza kwa haki kabisa: mawimbi yakigonga miamba na kurudi, hayavurugani? Yalikuwa yanavurugana. Mapema miaka ya 1990 wahandisi wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya taifa ya Australia, wakiongozwa na John O'Sullivan aliyetokea kwenye astronomia ya redio, walitafuta namna ya kupeleka data kwa kasi ndani ya majengo ambamo wimbi moja humfikia mpokeaji mara nyingi kwa nyakati tofauti kidogo. Hataza yao ya Marekani ilitoka mwaka 1996, na baadaye kampuni kubwa za vifaa ziliilipa CSIRO mamilioni ya dola baada ya kesi ndefu. Ruta za leo huvumilia mwangwi, tena huutumia. Kwa hiyo jiwe kubwa lililobaki uani kama pambo halina kosa. Lawama ziende kwa jiwe na zege vilivyosimama katikati ya njia.

Tatizo la pili la nyumba yenye vifaa vingi ni zamu. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na shida ambayo mkazi wa Ukerewe au Ukara angeielewa bila kufafanuliwa: visiwa vingi, kompyuta kubwa iko kwenye kimoja tu, na hakuna waya wa kuviunganisha. Norman Abramson na wenzake wakatumia redio, mtandao wakauita ALOHAnet. Vituo vilitumia masafa yaleyale. Viwili vikizungumza kwa wakati mmoja maneno yaligongana, kila kimoja kikanyamaza kwa muda wa kubahatisha na kujaribu tena. Waifai imerithi wazo hilo ikiwa imeongeza adabu: kifaa husikiliza kwanza, pakiwa kimya ndipo huzungumza. Maana yake ni kwamba katika chaneli moja, kwa muda mmoja, msemaji ni mmoja. Na msemaji aliye mbali huzungumza polepole, kwa sababu ishara dhaifu hulazimisha mwendo mdogo, hivyo hushika zamu muda mrefu kuliko aliye karibu.

Hapo ndipo kamera zinapoingia. Kamera ya waifai iliyofungwa pembe ya mwisho ya ukuta wa geti, yenye ishara ya kubahatisha, inatuma picha usiku na mchana kwa mwendo wa kobe, na kila inaposhika zamu runinga ya sebuleni inasubiri. Kamera sita za namna hiyo zinaweza kuichosha ruta nzuri kuliko familia nzima ya watu wanane. Ushauri wangu kwa kamera za ukutani haubadiliki: zivutiwe waya. Anayesema waya unaharibu sura ya nyumba ajaribu kuangalia picha ya mwizi iliyoganda.

Je, Wi-Fi 6 inasaidia? Inasaidia, na ningeichagua leo bila kusita. Ilianza kuthibitishwa mwaka 2019, na faida yake kubwa kwa nyumba iliyojaa vifaa ni kwamba ruta inaweza kuhudumia vifaa kadhaa vidogo ndani ya zamu moja. Masharti ni kwamba vifaa vyenyewe viwe vya Wi-Fi 6, na simu nyingi za bei ya kati zilizoko mikononi mwa watu bado ni za Wi-Fi 5. Wi-Fi 7 ilianza kuthibitishwa Januari 2024. Mwenye fedha ya ziada aifikirie baada ya kumaliza habari ya waya.

Namba za kwenye boksi zinasomeka kwa urahisi mtu akishaonyeshwa. AC ni Wi-Fi 5, AX ni Wi-Fi 6, BE ni Wi-Fi 7, na iliyoandikwa N peke yake ibaki dukani. Namba inayofuata ni jumla ya kasi za masafa yote. AX3000 ni 574 za gigahezi 2.4 kujumlisha 2,402 za gigahezi 5, kisha muuzaji akakamilisha hadi elfu tatu. AC1200 ni 300 na 867. Simu yako hupanda masafa ya aina moja kwa wakati, ukiacha ujanja mpya wa Wi-Fi 7, kwa hiyo jumla hiyo hakuna atakayeiona maishani, na hata sehemu yake hupatikana maabara. Kitu cha kutafuta kwa makini kiko nyuma ya kifaa: matundu ya waya. Zipo ruta zinazojitangaza kwa maelfu ya megabiti ilhali matundu yake mwisho wake ni megabiti 100. Boksi likiandikwa 10/100 uliache, unataka 10/100/1000.

Tumefika kwenye ununuzi. Kwa nyumba ya ghorofa mbili na kijumba cha uani, ningenunua vifaa vitatu vya wastani vya mfumo wa meshi, mathalani TP-Link Deco ya AX3000 au ndugu zake wa kampuni nyingine, nikaacha mnyama mmoja mwenye pembe. Meshi ni ruta kadhaa zinazotumia jina moja na nywila moja, simu ikihama nawe kutoka sebuleni hadi chumbani bila kuulizwa. Isichanganywe na ile ripita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi. Ripita hupokea na kurudia kila neno kwenye chaneli ileile, hivyo hukata kasi karibu nusu, na mara nyingi huja na jina lake la pili ambalo simu huling'ang'ania hata ukiwa umesimama mbele ya ruta kuu. Nimeziona zimechomekwa kwenye nyumba za kifahari mpaka tatu mfululizo, mwisho wa mnyororo mtoto anasubiri picha moja ya darasani dakika nzima.

Hata meshi ikiachwa kuwasiliana yenyewe kwa hewa hupoteza kasi kila hatua. Na watu huiweka vibaya: kifaa cha pili hupelekwa kwenye chumba kile kisicho na mtandao, kikifika huko nacho hakisikii kitu. Kiwekwe nusu ya njia, pale ambapo ishara ya kwanza bado ni nzima. Zipo programu za bure za simu za Android zinazopima ishara hiyo kwa dBm. Karibu na hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 bado inaendesha video na simu za sauti bila kukwama, ikishuka chini ya hasi 75 umechelewa. Kwenye nyumba za kuteremka mlima, mahali pa dhahabu ni ngazi. Ngazi ndilo tundu kubwa lililopo kwenye slabu. Kifaa kikikaa juu ya ngazi na kingine chini yake vinaonana bila kupitia zege.

Kilicho bora kuliko vyote ni waya kati ya vifaa hivyo. Waya mmoja wa Cat6, usiozidi mita 100, hubeba gigabiti nzima bila kujali kuta ngapi, na kuiachia hewa kazi moja tu ya kuhudumia simu. Anayejenga sasa hivi, aliyefika kwenye linta, amwite fundi umeme leo kabla ya plasta: paipu tupu kutoka sebuleni hadi kila ghorofa, hadi veranda, hadi kijumba cha uani na geti. Zikae bure hata miaka mitano. Gharama yake ukiilinganisha na marumaru za bafu moja ni kichekesho.

Tahadhari ya waya wenyewe. Sokoni kuna maboksi mengi ya kebo iliyoandikwa Cat6 ambayo ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu. Ikitoka nyeupe, rudisha. Waya huo hukatika kwa kupindwa, hupoteza nguvu kwa umbali, na ukitumika kupeleka umeme kwa kamera hupata moto kuliko inavyofaa.

Nyumba iliyokwisha plasta na rangi ina njia za pembeni. Waya unaweza kupita nje ya ukuta chini ya paa, ilimradi uwe wa aina inayovumilia jua. Vipo pia vifaa vinavyopitisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba, vya kuchomeka soketi hii na ile. Hivi hufanya kazi vizuri nyumba ikiwa na fezi moja; nyumba kubwa zenye fezi tatu hutoa matokeo ya bahati nasibu, kwa sababu soketi ya juu na ya chini huenda ziko fezi tofauti. Mkubaliane na muuzaji kurudisha kabla hujalipa.

Neno kwa wanaotumia ruta za 5G za kampuni za simu, ambao wameongezeka tangu Vodacom ianzishe 5G nchini mwaka 2022 na wenzake kufuata. Ruta ya namna hiyo ina kazi mbili zinazopingana. Kupokea inataka dirisha linalotazama mnara, na kwa vilima vyetu mnara ukiwa nyuma ya mwamba hakuna cha kupokea. Kugawa inataka katikati ya nyumba. Familia nyingi huchagua katikati, sebuleni kando ya runinga, na kukosa vyote viwili. Tenganisha kazi: kipokezi kikae kwenye dirisha zuri hata kama ni la stoo, waya utoke hapo uende kwenye meshi.

Wenye faiba, iwe ya TTCL ama ya kampuni nyingine, wasilitupe lile boksi jeupe lililokuja na fundi. Bila hilo faiba haizungumzi. Lizimwe waifai yake, na meshi iwekwe katika hali ya kurusha tu. Mkiacha ruta mbili zote zigawe anwani za mtandao, nyumba inakuwa na mitaa miwili isiyofahamiana: simu iko mtaa wa kwanza, printa mtaa wa pili, na hivyo ndivyo printa inavyopata sifa ya kutochapa.

Kabla ya kumlaumu yeyote, pima kwa mpangilio. Kompyuta kwenye waya moja kwa moja kutoka boksi la mtoa huduma: hiyo ndiyo kasi uliyouziwa. Kisha waifai ukiwa chumba kilekile. Kisha chumba cha mwisho. Namba ya kwanza ikiwa mbaya, tatizo liko nje ya nyumba na ruta mpya haitalitibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku ile hata ruta ya dhahabu isingefungua kitu.

Umeme. Faiba kutoka kituoni hadi kwako kwa kawaida haihitaji umeme njiani, hivyo mtaa ukizima, mtandao mara nyingi uko hai unakusubiri. Ruta nyingi hutumia volti 12 na wati chache. Betri ndogo ya UPS ya umeme wa moja kwa moja (DC) huziendesha saa kadhaa. Ila soma kibandiko, maana zipo za volti 9 pia, na kumbuka kwamba boksi la faiba, swichi na kila kifaa cha meshi navyo vinataka kula. Watu huweka betri kwenye ruta, wakasahau boksi jeupe, kisha wakashangaa.

Radi ndiyo adui ambaye muuzaji wa Dar es Salaam hamjui. Ziwa Victoria ni mojawapo ya maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi Afrika. Mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, hewa ya pande zote za ziwa ikakutana juu ya maji yenye joto, mawingu yakapanda. Utafiti ulioongozwa na Wim Thiery, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications, ulionya kwamba dhoruba hizo za usiku zitazidi makali dunia inapozidi kupata joto. Wavuvi wa sangara na dagaa wanayajua hayo kwa miili yao. Kwa mwenye nyumba, hatari imejificha kwenye ule waya mzuri wa shaba alioupeleka kijumba cha uani na kwenye kamera za geti. Radi haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga mti jirani, waya mrefu wa nje huokota mshtuko na kuuleta ndani, ukachoma swichi, mashine ya kurekodi na ruta kwa mkupuo. Kati ya jengo na jengo pitisha faiba, ambayo haipitishi umeme, pamoja na vigeuzi vyake viwili vidogo. Kamera za geti zipate swichi yao huko huko nje. Ethi ya nyumba ipimwe na fundi mwenye kipimo; kwenye kiwanja cha mwamba, nondo ya ethi iliyochomekwa nusu mita ikagonga jiwe si ethi. Na mawingu yakianza kuwaka upande wa kisiwa cha Saanane, chomoa.

Usalama nitaugusa kwa ufupi. Oktoba 2016 jeshi la kamera na ruta zilizoambukizwa programu iitwayo Mirai lilishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Mirai haikuwa na uchawi; ilijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo sitini. Badilisha nywila ya kuingilia ruta na ya kila kamera siku ya kwanza, na kamera zipewe mtandao wao pembeni, mbali na kompyuta ya mahesabu.

Mwisho, wageni. Nyumba kubwa ya Mwanza haikujengwa kwa ajili ya watu wanane. Ukoo una msiba, kipaimara, sendofu, na wajomba kutoka Magu na Sengerema wanaofika na simu zao wakiuliza nywila kabla ya maji ya kunywa. Washa mtandao wa wageni, ambao ruta karibu zote za leo zinao, uuwekee kikomo cha kasi ili kamera na mama wasinyang'anywe, na uuzime shughuli ikiisha. Kuna mtego mmoja humo. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani na orodha ya anwani kati ya mia moja na mia mbili na hamsini hivi, na kila simu ikishapewa yake huikalia kwa saa nyingi hata mwenyewe akiwa ameshapanda gari. Simu ya mgeni wa mia na moja itashika waifai, itaonyesha vimistari vyote, na haitapata kitu. Ingia kwenye mipangilio, panua orodha hiyo na upunguze muda wa kukalia anwani hadi saa moja, kabla maturubai hayajashushwa.